Stress ya kazi ilinifanya nimuumize mwenzangu kiwandani. Kukaa kimya na kukimbia vilinirudisha, ila si kwa njia niliyotegemea

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika jambo langu mwenyewe, lililonipata huku Tukuyu. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Nina miaka thelathini na nane, mke na watoto wawili. Nimefanya kazi kiwanda cha chai miaka kumi na moja. Nilianza na kushusha magunia ya majani mabichi, nikapanda taratibu mpaka nikawa supervisor wa shifti. Kiwanda sitakitaja, naomba msiniulize hata PM.

Kwa wasioijua chai: jani likishachumwa halisubiri mtu. Ukilichelewesha linapata joto kwenye rundo na kuharibika. Na masika ya huku mnayasikia, mvua haikati, majani yanakuja gari baada ya gari.

Masika yale wasimamizi wenzangu wawili waliacha kazi karibu kwa pamoja. Nafasi zao hazikujazwa. Kazi ya watu watatu ikawa yangu.

Nikaanza kuishi kwa energy drink na andazi. Usingizi ukakata. Simu ikiita moyo unaruka, hata kama anayepiga ni mama yangu. Nikawa mkali kwa watu bila sababu.

Mke wangu aliona mapema. Siku moja tunakula akaniambia, "Baba Neema, umekaa hapa lakini haupo."

Nikamjibu aniache nipumzike. Sikupumzika.

Sasa nifike penyewe.

Kiwandani kuna mkanda unaobeba majani kwenda kwenye mashine ya kukata. Majani yakikwama, mtu anauzima, anaingiza mkono, anayatoa. Utaratibu ni kwamba kabla ya kuwasha tena, supervisor anaita kwa sauti mara tatu, anasubiri ajibiwe, ndipo anabonyeza.

Siku moja saa nne asubuhi mkanda ulikwama. Aliyeenda kuyatoa majani ni Ambakisye, mtu wa kijiji cha Lupepo, mpole, tumefanya kazi pamoja miaka sita. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye swichi, nasoma ujumbe wa meneja kwenye simu. Gari tatu zilikuwa nje zinasubiri kushusha.

Nikabonyeza.

Sikuita hata mara moja.

Ambakisye alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mchana ule ule niliitwa ofisini. Wakaniuliza, "Uliita?" Nikasema niliita mara tatu. Nikaongeza na kwamba kelele za mashine ni nyingi, huenda hakusikia. Nikaandika maelezo, nikasaini. Wakuu, sikupanga kudanganya. Mdomo ulitangulia, mkono ukafuata.

Uchunguzi ukaandika kwamba Ambakisye hakuwa makini. Mimi nikapewa likizo nikapumzike.

Nikiwa likizo ndipo mwili ukagoma. Siku moja nimekaa nyumbani kifua kikabana, mikono ikafa ganzi, nikajua ndiyo mwisho wangu. Mke wangu akanipeleka hospitali. Wakapima moyo, wakapima damu. Daktari akasema moyo mzima kabisa, akanielekeza kwa muuguzi wa afya ya akili.

Nilikasirika. Afya ya akili kwangu ilikuwa maana yake uchizi.

Huyo muuguzi nitamwita Sista Tumaini. Mama wa makamo, anaongea polepole kama mtu asiye na foleni nje ya mlango. Akaniuliza mara ya mwisho nimelala usingizi mzima lini. Sikukumbuka. Akanipa kazi mbili. Ya kwanza, kila asubuhi nikae sehemu tulivu, mgongo wima, nifuatilie pumzi yangu ikiingia na kutoka. Mawazo yakija nisipigane nayo, nirudi tu kwenye pumzi. Ya pili, kila siku nitembee kwa miguu mpaka nitoke jasho. Na nirudi kwake kila wiki.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nikamwambia hizo meditation nasikia ni mambo ya dini za watu wengine.

Akasema, "Nani kakuambia uache kusali? Sali. Ukimaliza kusali, nyamaza. Kunyamaza hakuna dini."

Nikahamia kwa muda kwa mama yangu, kijijini Matwebe, maana mjini kila mtu alikuwa na swali.

Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mbele yangu migomba na ukungu. Nikafumba macho. Sikumaliza dakika mbili. Niliuona ule mkono. Niliinuka nikatapika.

Nilimweleza Sista. Akasema kesho kaa dakika moja.

Basi nikakaa dakika moja. Wiki iliyofuata tatu. Kutembea kulinishinda kidogo mwanzoni, huku hakuna tambarare, ni kupanda na kushuka kwenye utelezi. Magoti yaliuma. Lakini mwezi wa pili nilijikuta nakimbia.

Niweke hili pembeni kidogo. Kijijini mtu mzima hakimbii bure. Mtu akikimbia kabeba taarifa ya msiba. Kuna bibi mmoja aliniona napita kwake, akasimamisha jembe, akaniuliza, "Mwanangu, amekufa nani?" Nikamwambia hakuna, ni mazoezi tu. Akaniangalia mpaka nikapotea kwenye kona. Mama yangu naye akawa anawaambia majirani, "Mwacheni, daktari kamwandikia hiyo masoesi."

Usingizi ulirudi. Kwanza saa tatu, baadaye tano. Kifua kikaacha kubana. Nikaanza kusikia ladha ya chakula. Kwa nje nilikuwa nimepona, na Sista alifurahi.

Ila kile kimya cha asubuhi kilianza kuniletea kitu kingine.

Nikikaa, mkono sikuuona tena. Nilijiona mimi, ofisini, nasema "niliita". Kila asubuhi. Narudi kwenye pumzi, najiona tena. Nikamwambia Sista kwamba hii dawa sasa inanidhuru.

Akaniuliza, "Ni wazo tu hilo, au ni jambo lililotokea?"

Machozi yalinitoka mbele yake.

Akasema, "Wazo tutaliacha lipite. Jambo lililotokea linataka mwenyewe ulishughulikie. Hapo mimi sina zoezi la kukupa."

Kesho yake nilienda Lupepo kwa miguu. Nilitaka nifike nimechoka, nisiwe na nguvu ya kutunga maneno.

Nilimkuta Ambakisye kwenye kishamba chake, anachuma chai kwa mkono wa kushoto. Miezi minne sikuwa nimekanyaga kwake.

Nikamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, kaka."

"Ndaga," akaitikia.

"Nimekuja kukwambia kitu. Siku ile sikuita."

Akaendelea kuchuma. "Najua hukuita. Masikio hayakukatwa."

"Ofisini niliandika kwamba niliita."

"Hilo nalo najua, walinisomea." Hapo akasimama. "Mke wangu alikuwa ananiuliza, imekuwaje usisikie? Mwanzoni nilimwambia hakuita yule. Baadaye, kila mtu anaposema uliita, na mimi nikaanza kujiuliza, labda aliita kweli. Labda mimi ndiye mzembe. Umeelewa ulichonifanya?"

Nikasema nimeelewa. Nikamwomba anisamehe.

"Mchungaji alishaniambia nikusamehe, nikamwitikia. Lakini asubuhi nikifunga vifungo vya shati naona bado. Usiniharakishe."

"Basi nifanye nini, kaka?"

"Kaandike haya uliyoniambia. Maneno ya hapa shambani hayanisaidii." Kisha akageuka upande wa nyumba akaita, "Mama Nsia, hebu njoo umsikie huyu."

Mkewe akaja anafuta mikono kwenye kitenge. Nikarudia yote mbele yake. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Alimgeukia mumewe, akamshika ule mkono uliopona vibaya. Mimi akaniambia neno moja, "Nenda."

Nikaondoka.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa meneja na karatasi ya maelezo mapya. Akaisoma, akaniuliza kama ninajua ninachofanya. Nikasema najua. Akaniambia naweza kuichukua, na yeye atasahau kwamba ameiona. Nikaiacha mezani.

Kazi nikapoteza. Sikukata rufaa.

Rekodi ya Ambakisye ilisahihishwa, haki zake za kuumia kazini zikapitiwa upya, akahamishiwa kwenye mzani wa kupimia majani. Hayo niliyapata kwa watu, si kwake. Hatuongei. Tukikutana njiani tunasalimiana, basi.

Kwa sasa nasimamia watu wachache sehemu ya kupokelea parachichi hapa Tukuyu. Cheo kidogo, maisha yameshuka kidogo, mke wangu anashona tunasaidiana. Kila asubuhi nakaa dakika ishirini, halafu nakimbia. Kuna siku kifua bado kinabana, hasa nikisikia mashine ikiwashwa. Sitawadanganya kwamba nimemaliza.

Nilichojifunza, wakuu. Stress ya kazi si udhaifu na wala si majivuno ya kuonyesha unafanya kazi sana. Mtu aliyechoka kupita kiasi ni hatari kwa aliye jirani yake, siyo kwake tu. Ukiona hulali, hukumbuki, unafokea watu, sema mapema, hata kama bosi atanuna. Hospitali kuna watu wa kuongea nao, nenda.

Mazoezi yataurudisha mwili, hilo nathibitisha. Kukaa kimya kutakutuliza, nalo nathibitisha. Ila kama kuna mtu umemdhulumu, ukinyamaza vya kutosha utamkuta amekusubiri humo humo. Usikimbie kile kigoda. Inuka uende kwake.

Kama kuna mwenye swali kuhusu namna ya kuanza kukaa au kukimbia, aulize, nitajibu ninachokijua. Wa kunisema pia karibuni, nitasoma zote. Na kama wewe ndiye upande wa Ambakisye, uliumizwa na aliyekuumiza akaja kuomba msamaha, naomba uandike hapo chini ilikuchukua muda gani. Wengine wetu tunataka kujua tu, tusije tukawaharakisha.