Kidirisha cha Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, sikupewa mwiko. Nyumba za watumishi zilikuwa zinakarabatiwa Mtwara mjini, na msimamizi wa kazi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliitazama khanga niliyojifunga kiunoni akasema, "Mama, hapa wanawake wanateka maji. Bomba lile pale." Nikateka. Nilikuwa na watoto wa kulisha na mume aliyekwisha kwenda zake, kwa hiyo sikuwa na muda wa kununa. Lakini kila nikimwaga maji nilisimama kidogo niwatazame mafundi wakipiga lipu, yaani kuuvika ukuta wa tofali ule mchanganyiko wa saruji na mchanga mpaka uwe laini. Mwiko ulivyokuwa ukiimba ukutani! Niliipenda kazi ile siku hiyohiyo, na sijaacha kuipenda.

Mwiko niliupata Mikindani, tulipohamishiwa kwenye nyumba moja kuukuu ya mawe. Fundi mmoja hakutokea asubuhi, msimamizi akazunguka huku na huku akitukana hewa, mwisho akanigeukia. "Haya, wewe unayetutolea macho kila siku. Chukua. Ukuta ukipinda unarudi kwenye ndoo." Haukupinda. Jioni alishusha timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, akaitazama, akanitazama na mimi, akaondoka. Kesho yake aliniita Mama Lipu mbele ya watu wote, na jina langu la kuzaliwa likaishia hapo.

Kwake nilijifunza mambo ambayo ninyi vijana wa sasa, mnaochagua nyumba kwa picha za simu, mnayapuuza mkaja kulia baadaye. Mchanga wa ufukweni una chumvi; ukiupigia lipu, ukuta utatoka jasho na rangi itamenyuka ingawa umeinunua ghali. Ukuta mkavu lazima unyweshwe maji kwanza, la sivyo unainyonya lipu na kuipasua. Alinifundisha kwa kufoka, lakini alinifundisha, na mpaka leo namwombea.

Ila aliyenifanya nione nyumba ni Fundi Mkuu. Alikuwa seremala, wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na alikuwa na kikosi chake kidogo cha kurekebisha nyumba za watu: kubomoa hapa, kupanua pale, kubadili chumba kiwe vile mwenyewe anavyotaka. Nilijiunga naye nilipochoka na nyumba za serikali, ambazo zote zimefanana. Huyu siku ya kwanza hakuruhusu mtu ashike nyundo. Aliingia, akasalimia, kisha akamwuliza mwenye nyumba, "Wewe hapa huwa unakaa wapi?" Akionyeshwa, anakwenda kukaa palepale, kimya, mpaka chai ipoe. Wengine walimwona kachanganyikiwa. Lakini ndiyo sababu mwalimu mmoja mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto alihamishiwa dirisha ili kivuli cha mkono kisiangukie madaftari, na kuli mmoja mrefu wa bandarini akapata milango ambayo hakuhitaji kuiinamia. Mambo madogo. Watu walikuwa wakitupigia simu baada ya mwaka mzima kushukuru.

Ndipo akaja Bwana Salumu, karani wa bandari, mwenye nyumba yake Mtawanya, pembeni mwa mji. Alikuwa na shida moja tu: mama yake hakai. Bi Somoe aliishi peke yake Nanyamba, kwenye nyumba yake ya udongo katikati ya mikorosho, miguu imevimba, macho yameanza kuchoka. Siku moja alianguka uani akalala palepale mpaka jirani alipopita kuomba moto. Mwanawe akamleta mjini. Akarudi Nanyamba. Akamleta tena, akarudi tena, amepanda gari na kifurushi chake bila kuaga.

"Safari ijayo nitaitwa kwenda kuzika," Bwana Salumu alituambia. "Nitengenezeeni nyumba mama yangu akae. Sitaki kingine."

Fundi Mkuu alikaa jikoni siku nzima. Lilikuwa jiko la kisasa, meza za saruji zimefika kifuani, vigae vinang'aa, na Bi Somoe chini sakafuni juu ya kigoda, anakuna nazi kwenye mbuzi huku uso wake unatazamana na milango ya makabati. Tukavunja. Tukajenga meza ya kupikia iliyo chini, kwa kimo cha mtu aliyekaa kigodani, na ukingo wa kushikia wakati wa kuinuka. Lipu yake niliipiga mwenyewe, kona zote za mviringo zisimchubue. Jiko lilipendeza hata majirani walikuja kuliangalia. Bi Somoe alilisifu sana, akapika mchicha wa nazi tukala sote.

Wiki haikuisha akarudi Nanyamba.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilisema kizee hiki kina kiburi. Fundi Mkuu hakukasirika. Alikuna kidevu akasema, "Mama Lipu, tumemtengenezea mahali pa kupikia. Mahali pa kukaa hatujapajua. Nenda Nanyamba ukakae naye."

Nikaenda. Bi Somoe alinipokea kama mwanawe, akaniwekea mkeka. Asubuhi alitoa kigoda chake akakiweka mlangoni, akaegemeza kiwiko kwenye kizingiti cha dirisha la chini lililo kando yake, akaanza kubambua mbaazi. Mbele yake ilipita njia ya kwenda kisimani na shambani. Hakupita mtu bila kuitwa.

"We Asha! Simama hapo, unipe habari za utokako!"

"Shikamoo bibi. Nimetoka kwa shangazi, mtoto anaendelea."

"Marahaba. Homa imeshuka? Haya, mwambie ampe uji mwepesi. We nawe, mbona unapita umenuna? Mkeo kakunyima chai?"

Kijana wa baiskeli akacheka mpaka akashuka. Hivyo mpaka jua likawa kali. Mbaazi zilizobambuliwa hazikujaza hata kikombe, lakini kijiji kizima kilikuwa kimepita mikononi mwake. Nikamwuliza kwa nini mjini hakai.

"Mwanangu," akasema, "kwa Salumu nakula vizuri, nalala vizuri. Lakini nikitoka nje naona ukuta. Nasikia watu wanapita nyuma yake, wanacheka, sijui ni nani na wanacheka nini. Mtu hajui kama nimo. Sasa nimo kweli?"

Nililia mbele yake, na mimi si mtu wa kulia.

Nikarudi na habari hiyo. Ukuta wa uzio wa Bwana Salumu ulikuwa mrefu kumpita mtu, juu umepandwa vipande vya chupa. Fundi Mkuu akasema tuutoboe kidirisha. Bwana Salumu akaruka.

"Fundi, huu nimeujenga kuzuia wezi, leo niwafungulie?"

"Usiku tutakifunga kwa mbao ngumu, na komeo ndani. Mchana mama yupo, mwizi gani atapita mbele yake?"

"Na watu? Watasema Salumu amemfunga mama yake gerezani, anachungulia kwenye tundu!"

Neno lile lilikuwa na haki. Kweli kidirisha kwenye uzio kingeweza kumwaibisha mtoto na mzazi pia. Ni mimi niliyesema kwamba gereza halina pa kukaa mgeni. Tukiweka kibaraza ndani, tuweke na cha nje, chini ya kidirisha hichohicho, chenye kivuli cha bati. Anayepita akae. Fundi Mkuu alinitazama vile msimamizi alivyonitazama siku ile ya Mikindani, ila huyu alitabasamu.

"Bwana Salumu," akasema, "umesikia? Tupe ruhusa."

Bwana Salumu alizunguka uzio wake, akausukuma kwa kiganja, mwisho akasema, "Toboeni. Lakini asipokaa, mtaniziba na mimi humohumo."

Tukamleta Bi Somoe kwanza, kwa sababu kidirisha kile kisingeweza kupimwa bila yeye. Tulimkalisha kigodani, Fundi Mkuu akachora kwa mkaa ukutani usawa wa macho yake. Tofali zikatolewa. Nikapiga lipu ukingo wa chini, na ilipoanza kushika, bado inabonyea lakini haing'ang'anii mkono, nikampaka mafuta ya nazi kwenye kiwiko nikamwambia, "Bibi, egemea hapa kama unavyoegemea kwako." Akaegemea. Alipoinua mkono kikabaki kishimo chenye umbo la kiwiko chake, nikakilainisha pembeni kwa kidole na kukiacha kikauke.

Siku iliyofuata alikaa, akatia kiwiko mahali pake. Akapita mwanamke na beseni la samaki kichwani.

"Wewe mwenye samaki! Simama hapo, unipe habari za utokako!"

Yule mama alishtuka, ukuta umemwita. Akatafuta sauti, akaona uso, akacheka, akakaa kibarazani. Bwana Salumu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliingia ndani haraka machozi yasionekane.

Bi Somoe hakurudi tena Nanyamba. Alikaa miaka mingi, na alipofariki waliojaa msibani wengi hawakuwa ndugu zake, walikuwa wapita njia. Fundi Mkuu naye alikwisha kututangulia. Mimi nimestaafu, magoti hayapandi tena ngazi, na vumbi la saruji limeniachia kikohozi. Sijutii. Nimeziona nyumba kubwa na nzuri, zenye dari za jipsamu na taa za rangi, na nyingine nimezipiga lipu mimi. Lakini mtu akiniuliza nimefanya nini maishani, mawazo yanakwenda Mtawanya.

Juzijuzi nilikuwa napita huko kwa miguu, nimeinamisha kichwa kwa jua, nikasikia ukuta unaniita.

"Mama Lipu! Ndiyo kusema unapita bila salamu?"

Alikuwa Bwana Salumu, mzee sasa, amestaafu bandarini, amekaa kwenye kigoda cha mama yake. Nikakaa kibarazani, chini ya bati. Uzio wote ulikuwa na rangi mpya isipokuwa ukingo wa kidirisha.

"Fundi rangi alitaka kukiziba hiki kishimo," akasema. "Alisema ni ubovu wa lipu. Nikamfukuza."

Nikakitazama. Kimelainika, kimeng'aa kwa kuegemewa. Bwana Salumu akaurudisha mkono wake ukingoni, kiwiko kikaingia polepole pale kilipokuwa kikikaa cha mama yake, akasogeza uso karibu.

"Haya," akasema, "nipe habari za utokako."