Jirani Aliyenisomea Presha

Mara ya pili walipoahirisha kunitoa mtoto wa jicho, nilimshuku daktari. Nilikuwa nimeshavalishwa gauni la hospitali, nimekaa kitandani, muuguzi akanifunga mkanda wa presha, akaitazama mashine, akaenda kumwita mkubwa wake. Presha ilikuwa juu, kama mara ya kwanza. Daktari akasema hawezi kunipasua katika hali ile, na kwamba jicho la kulia limeshafunga na la kushoto linalifuata. Kisha akaniuliza, "Bibi, nyumbani unaishi na nani?"

Mtu anayemuuliza mjane anaishi na nani, mimi huelewa anachotaka. Nikamwambia naishi na Mungu. Akacheka kidogo, akasema mwili wangu umezoea kukaa tayari kwa vita, hata nikiwa nimeketi moyo unakwenda mbio, na kwamba vidonge peke yake havitoshi. "Tafuta watu wa kuketi nao, Bibi. Mwili hutulia ukiwa karibu na mtu unayemwamini." Nikamwambia aniandikie dawa nyingine. Akaniandikia, akanipa na miezi miwili kabla ya kurudi kupasuliwa.

Si kwamba sikuwa na watu. Mtaa wetu hapa Malindi umejaa watu, tatizo ni kwamba nawajua. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja kutoa pole huku wakizipima kuta kwa macho. Wanawake niliokuwa nikishona nao kofia wakaanza kuuliza hati ya nyumba iko wapi. Nikafunga mlango wa mbele. Kofia nazo nikaziacha, maana vile vitobo sikuviona tena. Mwanangu aliyeko Mombasa akaniletea mashine ya kupimia presha, nikagundua kwamba siwezi kuzisoma namba zake.

Hapo ndipo alipoingia jirani. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yangu, mama wa Kigiriama kutoka Ganze, mtu mzima kunizidi, ingawa nywele zake zilikuwa nyeusi tititi. Alasiri moja alikuja kuomba maji, akanikuta nimeishika mashine juu chini. Akanisomea. Kesho yake akaja tena na kikapu cha mchunga, akaketi kwenye mkeka, akawa anachambua majani huku akinieleza namna ya kuupunguza uchungu wake. Alipomaliza akanifunga mkanda na kunisomea. Ikawa hivyo kila siku.

Namba zikaanza kushuka, nami nikaanza kushuku. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba hiyo nilitaka kuiona. Kwanza nilidhani ananidanganya, ananisomea namba za kunifurahisha ili nimzoee. Nikaichukua mashine, vipimo vyake vikiwa bado vimo ndani, nikampelekea mwenye duka la kona. Akasoma namba zile zile.

Basi itakuwa kahawa. Alikuwa akija na kahawa ya tangawizi kwenye chupa, na nani ajuaye alichotia. Kwa siku nne nikawa namsubiri ainamie kikapu chake, naimwaga yangu kwenye shina la mlimau, kisha namsifia utamu wake. Mlimau haukudhurika, na namba zangu zikazidi kuwa nzuri. Kusema kweli nilikasirika. Mtu unameza vidonge miaka na miaka, halafu anakuja mchambua mboga.

Zikabaki nywele. Kila Jumamosi alijifungia chumbani kwake, na harufu ya piko, ile rangi nyeusi ya nywele, ikanifikia dirishani. Mwanamke wa umri ule, hana mume, hana harusi ya kwenda, anajipaka piko kila wiki kwa ajili ya nani? Tena kwao hakuwa akienda. Nilimsikia akiitwa kwa simu kwenye matanga ya shemeji yake, akasema mguu unamuuma. Kesho yake alitembea hadi sokoni na kurudi.

Wiki moja kabla ya kurudi hospitali, uvumilivu ukanishinda. "Mwenzangu," nikamwambia, "hizo nywele wamfichia nani? Mume wa watu, au polisi?"

Nilisema kwa utani, lakini utani wa kuchoma. Akayakusanya majani yake, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa, akaenda zake. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nikampelekea mwenye duka mashine, akanisomea. "Bibi, leo imepanda sana." Niliogopa. Nilijua kwamba wakiniahirisha tena nitabaki ndani ya ule ukungu mpaka kufa kwangu.

Nilikwenda kwake kwa ajili ya jicho langu, nisijisingizie adabu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena, nikasema, "Ni mimi, niko peke yangu," na sijui kwa nini nilisema hivyo. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka nyuma ya mlango, ndipo akafungua. Jumamosi ile hakuwa amepaka piko. Hata kwa jicho langu bovu niliuona weupe ukichipua utosini.

Aliketi kitandani akanieleza bila kulia. Kwao, mvi za mjane mwenye shamba zina maneno. Mtoto wa ukoo alikufa kwa homa, na kwenye matanga vijana wakasema wazee wenye mvi ndio wanaowamaliza watoto kwa uchawi. Jirani yake, mama wa rika lake, alivunjiwa mlango akakatwa mapanga. Yeye aliondoka asubuhi hiyo hiyo na nguo alizovaa. Vijana wale wale ndio waliompigia simu aende kwenye matanga ya shemeji yake.

"Hapa mjini sidhani kama kuna anayezihesabu mvi zangu," akasema. "Ila mkono umeshazoea kupaka."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikamtaka radhi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamwomba anisindikize hospitali.

Siku ilipofika aliketi kando ya kitanda changu, amenishika kiganja, akinisimulia habari za mchunga kana kwamba sizijui. Muuguzi akanipima. "Bibi, leo uko sawa. Tunaendelea." Kisha akamtania mwenzangu, "Na wewe mama, hebu lete mkono." Akampima mara moja, akampima mara ya pili, utani ukamwisha. Akamwambia asiondoke pale bila kumwona daktari.

Nikamwuliza, "Mbona ulikuwa ukija kwangu umetulia hivyo, ukanituliza na mimi?"

"Kwako ndiko ninakosahau kuusikiliza mlango," akasema.

Wakaja kunichukua. Nikiwa nasukumwa nikageuza shingo kumtazama. Alikuwa amehamia kiti cha mwisho, mgongo ukutani, na kila kijana aliyeingia ukumbini, yeye alimtazama mikono kwanza, uso baadaye. Miaka yote ile nilijiona hodari wa kushuku watu. Sikuwa nimewahi kuwa na sababu.