Vua Hilo Koti, Mzee

Shule niliishia darasa la nne, na sifichi. Studio yangu ya Busia niliijenga kwa mikono hii, na wenye digrii zao hupanga foleni mlangoni kwangu. Pande zote mbili za mpaka hakuna anayeujua mwanga kama mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haya ninayoyaeleza sasa hayanipi sifa hata chembe.

Miaka ya karibuni nimependa kupiga picha ndani ya viwanda vilivyokufa. Watu hunicheka: "Umekosa maharusi?" Hawajui. Mabati yakishatoboka, jua huingia vijiti vijiti, vumbi likacheza humo, na chuma chenye kutu kikatoa rangi ambayo hakuna fundi wa kuichanganya.

Kiwanda cha Mukuju kilikuwa cha kuchambulia pamba. Mlinzi wake alikuwa mzee aliyeendesha mashine hizo hizo zamani; wenzake walipoondoka, yeye alibaki na ufunguo. Siku niliyofika kwanza tulikubaliana nirudi kesho yake asubuhi, nimpige picha na mashine yake.

Nilimkuta amenyoa ndevu. Amevaa koti la kijivu la kanisani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vinang'aa. Huku kwetu mtu haendi mbele ya kamera kama anavyokwenda shambani. Mimi kuliko wote nalijua hilo. Limenilisha miaka yote.

"Niko tayari," akasema. "Piga mimi na mashine namba mbili. Hiyo ndio ilikuwa yangu."

Nikachungulia kwenye kamera. Koti lilikuwa safi mno. Kutu yote ile, halafu katikati mzee wa kanisa!

"Vua hilo koti, mzee. Vaa ile fulana ya jana, iliyochanika."

"Ile ya kufagia mavi ya popo?" Akacheka, akidhani namtania. "Wewe bwana, mimi si kichaa."

"Picha ni kazi yangu, mzee. Wewe kazi yako mlango."

Nilimwambia hivyo. Mtu wa umri wa baba yangu.

Alikwenda nyuma ya mashine, akarudi na fulana. Koti alilikunja taratibu, akaliweka juu ya gunia. Viatu akavivua mwenyewe, hata sikumwambia. Nikapiga, na picha ikatoka nzuri sana, hilo silikani. Kisha akasema, "Sasa moja na koti, ya nyumbani." Mwanga ulikuwa umeshahama. Nikamwambia siku nyingine.

Haikufika. Miezi michache baadaye mke wake aliingia studio, kitambaa kichwani. Mzee alikuwa anazikwa kesho yake, na yeye alitaka picha ya kubebwa mbele ya jeneza.

"Alisema ulimpiga picha."

Nikafungua kompyuta. Akaitazama fulana, akaitazama miguu mitupu.

"Usijali, mama, namvalisha sasa hivi." Kazi hiyo naifanya nikisinzia, nusu ya suti zilizo kwenye picha za pasipoti hapa mpakani nimezivalisha mimi. Nikambandika koti jeusi na tai.

"Hiyo koti ya nani?"

"Ya kompyuta, mama."

"Yeye alikuwa na yake. Mimi ndio nilipiga pasi siku ile." Halafu, bila ukali wowote, akaniuliza, "Wewe ulimwona mchafu?"

Nikaifuta tai, kisha koti.

Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa kitambulisho cha marehemu, akaniomba nikuze ile picha ndogo iliyokuwa humo. Nikaikuza. Ikatoka ukungu mtupu, macho yanaonekana kwa shida.

"Huyu angalau ana shati," akasema. Akanishukuru, kweli akanishukuru, akatoka.

Wenzangu wa mtaani walipokuja kuniita twende mazishini, niliwaambia nina harusi. Sikuwa na harusi yoyote. Nilifunga mlango, nikakaa ndani.