Bingwa Asiyemshinda Mtu

Blaise aliingia kwenye duka langu la ushonaji, huku ughaibuni Auburn, na suruali nyeusi mkononi, akataka niiwekee kitambaa cha kuvutika mapajani. Nikamtajia bei. Akacheka, akasema kwa pesa hizo angenunua mbili mpya. Nikamwambia nenda kanunue. Hakwenda. Mteja asiyeondoka hana pengine, kwa hiyo sikushusha hata senti.

"Ni ya kazi gani?" nikamuuliza.

"Ya kudansi juu ya barafu, Mama Mutanu."

Nilidhani ananitania. Mrundi, umri wa miaka arobaini, amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, anatengeneza magodoro kiwandani huko Fairfield. Kumbe Jumamosi alikuwa akifagia uwanja wa barafu, na wafanyakazi huteleza bure. Alianza kwa kushikilia ukuta. Baada ya miaka mitatu ya kuteleza akaamua kuingia mashindanoni.

Alinieleza mchezo wenyewe huku nikipima. Unacheza peke yako, bila mwenzi. Huruki juu. Hatua zimepangwa na muziki umepangwa. Majaji wanaangalia unavyoegemea ukingo wa chuma cha kiatu na kama unafuata mdundo. Wanawake wana kundi lao, wanaume lao, ingawa hatua ni zile zile.

Sikumwuliza wanaume wako wangapi. Hilo lilikuwa kosa langu, na la kanisa letu zima.

Aliporudi na dhahabu ya kwanza, mkewe, Irankunda, aliipiga picha akaituma kwenye WhatsApp ya kanisa. Kufika Jumapili Blaise alikuwa "bingwa wetu". Sisi hatujui kumpongeza mtu kwa kumpa mkono tu: ukumbi ukakodiwa, pilau ikapikwa, kina mama wakavaa sare. Sare nilishona mimi. Mwaka wa pili vile vile, na wa tatu. Mimi wa kuuliza maswali ya nini?

Mwaka wa nne wa mashindano akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Mutanu, hizo médaille hakuna mtu nilishinda."

"Vipi?"

"Wanaume wa daraja yangu ni mimi tu. Nacheza, natoka, wananiita kwa jukwaa, nasimama peke yangu. Hata nikianguka, dhahabu ni yangu."

"Irankunda anajua?"

"Amezitundika sebuleni. Watoto wanazibeba shuleni. Nitaanzia wapi?"

Nikamwambia anyamaze. Mezani nilikuwa na kitambaa cha sherehe ya mwaka huo, kwa maana safari hii kanisa liliagiza sare kabla ya mashindano. Si hushinda kila mara? Lakini yeye hakutaka kunyamaza. Akiacha mchezo, wangemwuliza kwa nini. Akiendelea, uongo unanenepa. Alitaka kushindana na wanawake saba wa daraja lake, ajue kama anaweza kitu. Klabu ya barafu ilisema sawa, mradi wote watie sahihi. Sita walitia. Wa saba, Cheryl, alikataa.

"Wewe unajua kupatana na watu," akaniambia. "Twende."

Nilikwenda kwa sababu alinitajia bei ambayo wale wanawake hushonewa nguo zao.

Cheryl alikuwa dereva wa basi mstaafu, miaka sitini na moja, amekaa kwenye benchi akifunga kamba za viatu. Hakusimama.

"Nilipokuwa msichana," akasema, "densi ya barafuni ilikuwa ya wawili wawili. Wavulana walikuwa wachache. Usipopata mvulana unakaa hapa benchi unatazama. Nilikaa miaka sita. Hii ya mtu mmoja ndiyo ya kwanza ambayo sikumngojea mwanamume. Sasa naye anaifuata huku?"

"Sitaki nafasi yako, Madam. Nataka kushindana kweli, hata nishindwe," akasema Blaise.

"Kila mwanamume husema hivyo kabla hajashinda."

Nikamwuliza Cheryl kama mwanamume ana faida katika hatua hizo. Akafikiri. Labda nguvu ya mguu, akasema, lakini nguvu bila mdundo haisaidii. Hofu yake ilikuwa majaji: mwanamume mmoja kati ya wanawake saba hutazamwa kwanza.

Hapo nikaona mlango. Nikapendekeza wacheze pamoja na wapangwe kwa orodha moja, lakini medali tatu ziende kwa wanawake watatu bora, hata Blaise awe wa ngapi.

Blaise akanigeukia. "Hata nikiwa wa kwanza, narudi mikono mitupu?"

"Ndiyo. Unataka kujua au unataka medali?"

Alitia sahihi kabla ya Cheryl.

Akawa wa tano. Cheryl akawa wa pili.

Jumapili ukumbi ulijaa sare. Mchungaji akamwita bingwa mbele aonyeshe dhahabu. Blaise akatoa karatasi ya alama, akasema ukweli wote, miaka mitatu yote. Kisha Brigitha wa kwaya akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo tumekula pilau ya mtu aliyeshindana na kivuli chake?"

"Na safari hii wanawake wamemchapa!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka. Irankunda hakucheka. Alitoka na sare yake mpya, akapanda treni peke yake.

Ni mwaka sasa. Irankunda humwekea chakula mezani na kuondoka. Kiwandani wanamwita Wa Tano. Kutoka hawezi: nyumba ni ile, kanisa ni lile, kazi ni ile. Alichopata ni karatasi inayomwambia wapi mguu wake wa kushoto unachelewa, na wanawake saba wanaomfokea kila Jumamosi akikosea. Cheryl ana medali aliyoipata mbele ya mwanamume, lakini kundi si lake tena. Wanaume wawili wengine wameomba kuingia, na kwa kuwa sahihi yake iko pale, hawezi kuwakatalia. Kwangu mimi kanisa haliagizi sare tena, wanasema nilijua nikanyamaza, na ni kweli. Cheryl na wenzake wawili nimewashonea sketi. Bei wamelipa bila kubishana, na bado pesa hizo hazifikii za sare za sherehe moja.