Jezi za Don Abundio

Hermógenes Ccallo alicheza beki katika timu moja ya mpira miaka kumi na saba huku juu milimani Puno, mpaka goti likakataa, ndipo akawa mwalimu wa timu ileile. Alishavumilia mengi, lakini habari ya baba wa jezi ilimkaa kooni.

Kila msimu jezi mpya hubatizwa kwa bia na tarumbeta, na aliyezinunua ndiye baba yao. Safari hii alikuwa Don Abundio, mnunuzi wa sufu ya alpaka, wale wanyama wa manyoya wa milimani. Nusu fainali, wakati wa mapumziko, timu ikiongoza bao moja, akaingia chumba cha kubadilishia nguo na mkwewe, mtu mwenye kitambi, viatu vipya vya mpira miguuni.

"Mwalimu, namba kumi mpe mkwe wangu."

"Huyu? Akipanda ngazi tu anahema kama punda!"

"Jezi ni zangu, Ccallo. Nimezibatiza mimi."

Hasira zilimpanda Hermógenes. Yaani mtu atoe kitambaa, halafu adai na jasho la wenzake! Akawageukia wachezaji.

"Zivueni."

Jezi kumi na moja zenye matope zikarundikana miguuni pa Don Abundio, na wachezaji wakarudi uwanjani na fulana za msimu uliopita, zimetoboka makwapani, baridi ikiwatafuna.

Hermógenes akatoka wa mwisho. "Namba kumi hiyo hapo, mzee," alisema. "Mvalishe mkweo, acheze humu humu ndani."