Kiti cha Muraihu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu ya jirani. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Nalitaja hilo mapema kwa sababu visa vya namna hii watu huvisukumia gizani, saa ambazo hata kichaka huota mikono. Changu kilinikuta saa nne asubuhi, kwenye barabara ya kutoka Ruring'u kwenda Nyeri mjini, katika baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka toka mlimani ukakalia mashamba yote. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mbele huko hutapata nafasi.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, ni miguu tu iliyokataa kukaa chini ya dawati. Nimechuma kahawa Murang'a, nimebeba magunia ya mpunga Mwea, na miaka ile ya sabini nilikuwa Nyeri nikiosha magari nyuma ya kituo kimoja cha petroli. Utasema ni kazi ndogo. Lakini niamini, anayeosha gari humjua mwenye gari kuliko mkewe. Nilijua nani hula karanga akiendesha, nani hutema mate dirishani, na nani amembeba mwanamke anayepaka poda.

Kati ya wateja wangu alikuwako mtu tuliyemwita Muraihu, yaani mtu mrefu. Jina lake hasa lilikuwa Gakuru. Alikuwa mkubwa katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, wale wa serikali ambao kazi yao ni kusikiliza. Kila mtu alijua kazi yake na hakuna aliyeitaja. Hotelini akiingia, wazee walianza ghafla kuzungumzia bei ya maziwa. Mimi sikumwogopa. Aliniita Wa Maji, na kila Jumamosi alisimama kando akitazama ninavyofanya, kichwa chake kikikaribia kugusa mabati ya kibanda. Alikuwa mrefu hivi kwamba kiti chake cha dereva kilisukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli, hata abiria wa nyuma yake hakuwa na mahali pa kuweka magoti.

Jambo moja jingine: hakunywa pombe. Baba yake aliuawa na pombe, akaokotwa mtaroni akiwa ameganda kwa baridi, na Gakuru aliapa mbele ya mama yake kwamba haitapita midomoni mwake. Hilo alinieleza mwenyewe siku nilipompa pole ya baridi nikamwambia anywe kidogo ajipashe moto. Alicheka. "Wa Maji," akasema, "mimi niko na mama moja tu. Nikikunywa atajua hata kama niko Mombasa."

Halafu Jumatatu moja tukasikia amekufa. Gari lake lilipatikana bondeni, limetumbukia mtoni chini ya daraja. Redio ilisema ajali. Kufika adhuhuri mji ulikuwa umeongeza: alikuwa amelewa. Jioni kukawa na mengine. Wengine walisema alikuwa amesikia neno ambalo hakupaswa kusikia. Wengine wakasema chai aliyokunywa Karatina haikuwa chai. Muuza magazeti akaapa kwamba wenzake wa ofisini ndio waliomfanyia hivyo, kisha akameza maneno yake na kuanza kupiga mluzi alipomwona mtu mwenye koti la mvua akivuka barabara. Sanduku lilikuja limepigwa misumari, na amri ikaja nalo kwamba lisifunguliwe.

Siku mbili baadaye gari lile lilikokotwa hadi kwetu. Alilifuata mtu mwenye koti la mvua, mfupi, mpole wa sauti. Akaniambia niondoe matope yote, ndani na nje, gari linakwenda kwingine.

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya kosa langu.

Muosha magari yeyote ana utaratibu wake, na wangu ulikuwa huu: kabla ya maji, unashika kile chuma kilicho chini ya kiti cha dereva, unasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, ndipo unapiga magoti na kufagia. Mkono hufanya wenyewe, akili iko kwingine. Nilifungua mlango, harufu ya pombe ikanipiga, kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa kama kilichomwagiwa. Nikashika chuma, nikasukuma. Kiti kikateleza safari ndefu, kikagonga mwisho wa reli. Nikafagia vipande vya chupa. Nikamwaga ndoo ya kwanza.

Ni maji yalipokuwa yakitiririka ndipo mkono wangu uliponiuliza swali. Kwa nini kiti kimeteleza?

Kiti cha Muraihu hakikuwahi kuteleza. Daima nilikikuta nyuma tayari. Safari hii kilikuwa mbele kabisa, karibu na usukani, mahali anapokaa mtu mfupi. Mtu wa urefu wa Gakuru asingeweza kuendesha hapo hata hatua kumi. Mtu mwingine ndiye aliyeendesha gari lile mpaka darajani, kisha akashuka. Ushahidi wote wa jambo hilo ulikuwa sentimita chache za reli, nami nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, kwa sababu napenda kazi safi.

Yule wa koti alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia matope tu. Akasema vizuri, na akanipa sigara. Nikaivuta.

Sasa ile asubuhi. Ilikuwa siku ya tatu tangu nilioshe gari. Nilikuwa natembea kwenda kazini nimechelewa, ukungu mzito kiasi kwamba ng'ombe walisikika kengele tu. Mbele yangu nikaona mtu anakuja taratibu, ameinama, ameshika magoti yake kwa mikono miwili kama mzee aliyepanda kilima. Nikajitayarisha kumwamkia. Alipofika karibu akajaribu kujinyoosha, na akazidi kwenda juu, juu, hata nikajua ni nani kabla sijaona uso.

Viatu vyake vilikuwa vimelowa, vinatoa maji kila hatua, lakini barabara nyuma yake ilikuwa kavu. Hicho ndicho nilichoangalia. Sikuweza kuangalia macho.

"Wa Maji," akasema. "Magoti yananiuma. Walinikunja."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Wewe uliona kiti. Ambia mama. Ambia yeye kabla ya bibi ya Nderitu kuzaa."

Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ningependa ingekuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba apishwe mlangoni. Akaniweka mkono begani, baridi yake ikapita koti, shati na ngozi, kisha akainama tena, akashika magoti, akaendelea na safari yake. Nilipogeuka palikuwa na ukungu tu.

Nilielewa maana ya maneno yake nilipofika nyumbani kwao, hapo hapo Ruring'u, siku ile ile. Gakuru hakuoa, hakuacha mtoto. Nderitu ni kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, mwenye wana wawili, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, wa tatu la ndugu wa baba. Mtu akipata wa kumrithi jina, amerudi nyumbani. Asipopata, hana pa kuingilia. Na Gakuru, mtoto wa pili wa mama huyu, alibeba jina la baba mzazi wa mama. Ndiyo sababu mama alimwita mwanawe "baba" tangu anyonye. Akizaliwa mvulana, angewarudisha wawili kwa jina moja.

Lakini Nderitu alikuwa amekataa. Nilimsikia nikiwa bado langoni. "Jina ya mlevi moja nilishabeba kwa kijana yangu wa kwanza, kwa sababu ni ya baba na sheria ni sheria. Ya pili sibebi, mama. Ati tena mpaka lini?"

Mama alikuwa ameketi kwenye gunia kando ya jiko, mdogo kama mtoto, shuka begani. Aliponiona alinijua. Akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiyo ulikuwa unaosha gari ya baba," akasema. "Sema kweli mbele ya huyu kaka yake. Ulisikia harufu ya pombe?"

Nilifungua mdomo niseme habari ya kiti. Naapa nilifungua. Ndipo nikaona, kwenye benchi la waombolezaji, yule mfupi wa koti la mvua, anakula viazi vitamu na chai ya msiba kama mtu wa ukoo. Hakunikazia macho. Alipuliza chai yake tu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Harufu ilikuwako."

Ilikuwa kweli. Umewahi kusema kweli ikawa kubwa kuliko uwongo wote uliowahi kusema? Nderitu akasema, "Mama, umesikia." Mama akaachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja. Hakulia. Alisema polepole, kama kwa mwanawe, "Baba, hata wewe," akajifunika shuka uso.

Siku nne baadaye nilikuwa napita barabara ya juu ya boma lao, ukungu ule ule. Nikasikia vigelegele. Kwetu vitatu ni msichana, vitano ni mvulana. Nikasimama nikahesabu. Kwenye ua wa miti, upande wa nje, mtu mrefu alikuwa amesimama pia, ameinamisha kichwa, anahesabu kama mimi. Kimoja, viwili, vitatu. Cha nne. Cha tano. Akajinyoosha kidogo. Tukangoja wote wawili, mimi juu yeye chini, mpaka bibi mmoja alipotoka mlangoni akimwita jirani aje amwone mgeni, akataja jina. Lilikuwa jina la ndugu wa babu yao, mtu wa zamani hata hakuna aliyemkumbuka vizuri.

Muraihu hakunitazama. Angenitazama ningekuwa na afadhali. Aliinama, akashika magoti yake, akaondoka kandokando ya ua akiupapasa, kama anayetafuta lango.

Jioni ile nilikwenda Mwea. Nilibeba mpunga miaka saba. Nilikuja kusikia kwamba yule wa koti amehamishwa mbali, na baadaye kwamba amekufa, na hapo ndipo nilipopata ushujaa. Nilirudi Ruring'u nikamkuta mama hai, haoni tena. Nikamweleza yote, chuma, reli, sentimita zile, na barabara ile ya ukungu. Nderitu alikuwa mlangoni. Akaketi chini pale pale kwenye vumbi, na suti yake ya kanisani.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaani, na mpaka leo natamani angenilaani. Aliuliza kitu kimoja. "Magoti bado yanamuuma?"

Nikasema sijui.

"Miaka saba," akasema. "Na mtoto ameshaitwa. Bibi ya Nderitu hazai tena." Kisha akamwambia mjukuu wake yule wa tatu, mvulana mwenye miguu mirefu kupita umri wake, aniletee chai, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu. Alikufa kabla mvua ndefu hazijaanza.

Siwezi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Magoti yangu yananiuma kila mwezi wa saba, na daktari hajaona kitu. Nikiwa Nyeri wakati huo wa ukungu, husikia viatu vyenye maji vikipita kando ya nyua za watu, ua hata ua. Hanisemeshi. Nadhani ameshaacha kuniomba.

Basi wewe, kama umeona kitu ambacho kingemwondolea marehemu aibu, usingoje wenye makoti wamalize chai. Kiseme siku ile ile, hata kwa sauti ya kutetemeka. Watoto huzaliwa, na hupewa majina.