Mahali pa Kuweka Mtambo wa Chokaa

Watu wa Butembo walipoanza tena kukimbia vita, wakivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Uganda na magodoro vichwani, mteja wangu mmoja alivuka na bahari. Mimi ni wakala wa forodha pale mpakani, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimpitishia kahawa yake. Sikujua kwamba sebuleni kwake alifuga matumbawe. Sasa yalikuwa ndani ya madumu ya maji ya chumvi yaliyofunikwa mablanketi, na kioo cha tangi lao kilikuwa kimelazwa kati ya magodoro mawili.

Afisa mmoja aliinua mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojaa kokoto nyeupe, wenye mipira ya maji na chupa ya chuma ya gesi.

"Hii ni kitu gani?"

"Afande, hii njo inapikia matumbawe chakula," mteja wangu akasema.

Afisa akanitazama mimi. Nikasema ni chombo cha nyumbani. Tukapita.

Mke wa mteja wangu na binti zao walikuwa wamekwenda kumuuguza bibi upande wa Beni, kisha barabara ikafungwa, na simu haikupatikana tena. Alinieleza hayo kwa sentensi moja tu ndani ya gari. Njia iliyobaki mpaka nyumbani kwangu Bwera alieleza habari za chumvi.

Mke wangu alimpokea vizuri, akamwonyesha chumba na kitanda. Mgeni alishukuru, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, na mashine tutaiweka wapi?"

Tangi lilikaa sebuleni, ilipokuwa televisheni. Chini yake akaweka tangi dogo la kuchujia maji. Shida ikawa huo mtungi. Alitueleza kwa upole kwamba matumbawe ni viumbe hai na hujijengea mifupa kwa chokaa iliyomo majini. Baharini chokaa haiishi, ila ndani ya tangi huisha. Basi gesi inaingia mtungini, maji yanakuwa makali, yanayeyusha zile kokoto, halafu yanadondoka tone kwa tone kuwalisha.

"Wilaya nzima hii ni chokaa," mke wangu akasema. "Saruji inatoka hapo Hima. Si uwachotee kijiko?"

Mgeni alilifikiria jambo hilo kwa heshima, akasema hapana.

Chini ya tangi mtungi haukuenea. Tukauweka barazani, jua likaupata, na mbuzi wa jirani wakaja kulamba mpira kwa ajili ya chumvi. Nikapendekeza chumbani kwake, kwa kuwa mpira ungepita chini ya mlango.

"Haiwezi kulala na mutu," akasema. "Gaz ikitoroka mu chumba ya kufunga, mutu analala, haamuki."

"Basi pembe yangu ya kuswalia, pale kwenye dirisha."

"Papa, inanguruma."

Sikuwa nimeitoa pembe ile kwa moyo mweupe, na nadhani aliliona hilo.

Ilibaki stoo ya jikoni, iliyogusana ukuta na sebule. Ina dirisha la wavu, sakafu yake ni ya saruji, hata maji yakivuja hayaharibu kitu. Ila ni ya mke wangu. Alisimama humo katikati ya unga na maharage, mikono kiunoni, akauliza kama chombo hicho kitapasuka. Hakitapasuka. Akauliza kama kitanuka. Hakitanuka. Akahamisha maharage. Tulitoboa tundu ukutani, tukapitisha mipira, na mgeni akamwonyesha jambo moja tu: umeme ukikatika pampu inasimama, lakini gesi haisimami. Maji yatakuwa makali mno, na umeme ukirudi yatamwagika tangini na kuua kila kitu. Kwa hiyo afunge koki ya gesi.

"Nitajuaje umekatika mchana?"

"Utasikia imenyamaza."

Kila asubuhi mgeni alikwenda Mpondwe kusimama karibu na kizuizi na kuuliza waliotoka upande wa Beni. Alirudi jioni, akapima maji, akala kidogo. Hatukumuuliza kitu. Mke wangu alizoea kumjibu kabla ya salamu: "Beko wazima," akijaribu Kiswahili cha kwao, yaani matumbawe wako wazima.

Ijumaa moja, nikiwa msikitini na mgeni akiwa mpakani, mke wangu alikuwa uani akichambua mchele. Aliniambia baadaye kwamba alihisi nyumba imekuwa kubwa ghafla. Akaacha mchele, akakimbilia stoo, akafunga koki. Umeme ulirudi alasiri. Mgeni aliporudi na kusikia, alikaa kwenye gunia la maharage, akalia. Alilia kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Mke wangu alisimama naye humo stoo, na mimi nikaenda kuchemsha chai, kazi ambayo siifanyi vizuri.

Mke wa mgeni alifika wiki chache baadaye, kwa njia ndefu ya mzunguko, pamoja na binti zao. Bibi walikuwa wamemzika huko. Tuliwakaribisha sebuleni, naye akalitazama tangi kabla ya kuketi.

"Uliikomboa hii," akamwambia mumewe. "Na picha za ndoa yetu?"

"Zilibaki."

"Zilibaki."

"Picha hazikuwa na hatari ya kufa," mgeni akasema.

Binti mdogo aliweka kidole kwenye kioo, tumbawe moja la rangi ya zambarau likajikunja, naye akacheka. Mama yake akamtazama, kisha akavua viatu na kuketi.

Siku hizi wanakaa Kasese, nyumba ya kupanga. Mahali pa mtambo alichagua yule mama: nje, nyuma ya jikoni, chini ya bati, penye kifuniko cha mbao na kufuli. Mumewe aliniambia kwenye simu kwamba pale ni mbali mno na tangi, mpira ni mrefu na matone yanachelewa.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Nimenunua mpira wa kufika pale."